Kengele Nyeupe za Tsiuri

20 Januari
Presha 160 kwa 95. Daktari wa mjini Tkibuli amenipa daftari hili akaniagiza niandike presha yangu kila asubuhi mpaka Pasaka. Nilimwambia mimi ni fundi wa pampu, kuandika si kazi yangu. Akasema kufa nako si kazi yangu, lakini nitakufa nisipoangalia. Haya, nimeandika. Ukurasa una mistari ishirini na nne na presha inakula mmoja tu.

21 Januari
155 kwa 95. Theluji imefika dirishani. Pampu ya kijiji nimeiwasha saa moja asubuhi, nimeizima saa tatu usiku. Mama Pelagia anasema natembea kwa kishindo.

23 Januari
160 kwa 95. Mistari inabaki mingi, basi niseme tuko wangapi nyumba hii. Tuko wawili. Mimi Ambrosi, miaka hamsini na tisa, na mama mkwe wangu Pelagia, themanini na nne, ambaye mwezi wa Desemba aliteleza kwenye ngazi yenye barafu akavunjika nyonga. Nyumba ni yake. Mimi ndiye niliyehamia kwa mke, miaka thelathini na mbili iliyopita, na haipiti wiki sijakumbushwa. Mke wangu Tsiuri yuko Bari, Italia, anamtunza bibi mmoja mzee anayeitwa Franka. Huu ni mwaka wa sita. Alikuja Krismasi, akakaa siku kumi na moja, akarudi. Kwa hiyo mke wangu anamtunza mama wa watu kule, na mimi namtunza mama yake huku. Nikimweleza mtu hivi, hucheka. Na mimi hucheka.

24 Januari
150 kwa 90. Tsiuri amepiga simu. Mtandao wetu ni wa kubahatisha. Unashika vizuri kwenye nyumba ya pampu tu, huko juu, kwa hiyo huzungumza naye nikiwa nimekaa juu ya pipa na mashine inanguruma nyuma yangu.

"Mama hajambo?"
"Hajambo."
"Na wewe?"
"Mzima."
"Presha?"
"Ipo."
Akacheka kidogo. Kisha akasema, "Ambrosi, mwaka huu Mama hawezi kutoka nje. Utaniangalizia wewe maua."
"Maua gani?"
"Miaka thelathini na mbili unaishi kwenye bustani ile, unaniuliza maua gani?"

Nilikuwa nayajua, ila sijapata kuyaangalia. Ni zile kengele nyeupe ndogo zinazotoboa theluji chini ya mti wa mpea, kabla kitu kingine hakijathubutu kutoa kichwa. Tangu aondoke, kila mwaka mama yake ndiye hutoka na fimbo kuyatafuta, na akiona la kwanza humpigia simu. Tsiuri husema siku hiyo ndiyo mwaka wake unapoanza, Januari yeye haihesabu.

"Nitaangalia," nikamwambia.
"Na lingine. Watoto wa Bibi Franka wanataka niwaahidi miaka mitatu mingine. Wanataka jibu kabla ya katikati ya Machi. We unasemaje?"

Nikamjibu uamuzi ni wake. Anayefanya kazi ndiye anayejua uchovu wake, mimi ni nani nimpangie? Nilidhani nimejibu kistaarabu. Akasema "Haya," kwa sauti ya mtu anayefunga kabati.

28 Januari
155 kwa 90. Theluji.

30 Januari
155 kwa 95. Theluji. Maharage.

2 Februari
150 kwa 90. Leo nimefagia theluji chini ya mpea kwa mikono, kwa amri. Mama Pelagia alikuwa amekaa kwenye dirisha la jikoni, amefungua kioo, baridi yote inaingia ndani, fimbo ameitoa nje kama jemadari.

"Kushoto!"
Nikaenda kushoto.
"Kushoto, nimesema!"
"Mama, hapa si kushoto?"
"Hiyo ni kushoto yako. Mimi nataka kushoto ya mpea!"
"Mpea hauna kushoto, Mama."
"Mpea unayo, na unaijua kuliko wewe. Ala! Usikanyage hapo! Hebu itoe theluji taratibu, kama unamfunua mtoto aliyelala."

Niliitoa taratibu. Chini palikuwa na udongo mtupu wa manjano.

"Bado mapema," akasema, akafunga dirisha. Halafu akalifungua tena. "Marehemu Valiko angeshayaona."

Valiko ni baba mkwe wangu. Amefariki miaka ishirini sasa, na bado sijafanya kazi hata moja ambayo yeye hakuifanya vizuri zaidi.

5 Februari
155 kwa 90. Hakuna.

7 Februari
155 kwa 95. Hakuna. Mama Pelagia anasema naangalia kama mtu anayetafuta skrubu.

11 Februari
150 kwa 90. Hakuna, lakini nimeona mambo mengine. Nimeona nyayo za sungura kutoka kwenye ua mpaka kisimani na kurudi. Nimeona kwamba theluji huyeyuka kwanza kuzunguka mashina ya miti, mduara mduara, kana kwamba miti inapumua. Nimepita hapo kila asubuhi nikienda kwenye pampu, miaka yote hii, nikiangalia viatu vyangu.

16 Februari
170 kwa 100. Jua limewaka siku tatu na mapaa yote yanadondoka maji. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya mpea, kama kila siku, nikasikia sauti ya jirani yetu Zhuzhuna juu ya ua.

"Ambrosi! Yangu yametoka! Njoo uone! Ya Tsiuri je?"
"Bado."
"Bado? Ya Tsiuri hutangulia wiki nzima! Mwaka huu nimewashinda, mwambie hivyo!"

Nikachungulia. Kwake yalikuwa kama ishirini, yameinamisha vichwa kando ya ukuta wa mawe. Nikarudi kutazama kwetu, na ndipo nikauona vizuri ule udongo wa manjano. Udongo wa bustani yetu ni mweusi. Wa manjano hutoka chini, mtu akichimba.

Na mtu alichimba. Mwezi wa Novemba nilipitisha bomba la maji kutoka kisimani mpaka jikoni, ili Mama Pelagia asiwe anatoka kuchota kwenye barafu. (Akateleza hata hivyo, akienda kuwafokea kuku.) Bomba nililipitisha chini ya mpea kwa sababu hapo hapana mawe. Nilichimba kina cha goti, udongo mweusi wa juu nikaujaza kwenye toroli, matoroli manane, nikaenda kuumwaga korongoni, kisha nikafukia kwa udongo wa chini. Nakumbuka kulikuwa na vitu kama vitunguu vidogo humo, vingi. Nilidhani ni magugu.

Sikujua kwamba maua yanalala. Nilidhani yakinyauka yameisha, na mwaka unaofuata huja mengine kutoka wapi sijui.

Nimezima pampu nikakaa juu ya pipa mpaka miguu ikafa ganzi. Mama Pelagia sijamwambia. Tsiuri sijamwambia.

17 Februari
165 kwa 100. Hakuna.

19 Februari
165 kwa 95. Hakuna. Bado anafungua dirisha kila asubuhi, na bado napiga magoti pale napapasa udongo ninaoujua kuwa ni mtupu. "Endelea kutafuta, mkwe," ananiambia. Leo hakutaja jina la Valiko. Ingekuwa afadhali angelitaja.

23 Februari
160 kwa 95. Kwaresima imeanza. Nilimwambia Mama Pelagia padri amesema mgonjwa hafungi.
"Padri ana miaka thelathini. Mimi nilifunga wakati hata chakula cha kujinyima hakikuwepo."
Kwa hiyo ni maharage na mkate wa mahindi mpaka Pasaka. Jibini nimeificha kwenye nyumba ya pampu. Leo jioni ameninusa shati, akasema, "Mashine yako inakula jibini?"

27 Februari
160 kwa 95. Tsiuri amepiga.
"Bado?"
"Bado."
"Ajabu. Hata moja?"
"Baridi imekuwa kali."
"Huku milozi imechanua kitambo. Mizuri, lakini si yangu." Kisha akasema Bibi Franka siku hizi anamwita Asunta, jina la dada yake aliyekufa, na kwamba yeye huitika. "Ukiitwa Asunta kutwa, Ambrosi, kufika jioni unajisahau."

Nilitaka kusema kitu. Nikasema pampu inapata moto, nikakata.

3 Machi
Presha sijapima. Leo ni siku ya akina mama. Nilikwenda kwa Zhuzhuna asubuhi nikamwomba nipige picha maua yake. Akauliza ya nini. Nikasema ni mazuri. Akaniangalia kama mtu aliyeona ng'ombe anasoma gazeti.

Nilichagua matatu yaliyosimama peke yao. Nikapiga kwa karibu, ukuta usionekane. Nikapanda kwenye pampu nikaituma picha, nikaandika: Haya yametoka. Siku njema ya akina mama.

Halikuja jibu. Nilingoja saa nzima. Nilirudi nyumbani, na tulipokuwa mezani simu ikaita, maana leo mtandao nao umeamua kushika jikoni.

"Ambrosi," akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu sana. "Hayo ni ya Zhuzhuna."
"Hapana, ni..."
"Yetu yana majani mapana ya kijani, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Baba aliyaleta kutoka msituni ndani ya kofia yake nikiwa na miaka saba, niliyapanda mwenyewe kwa kijiko. Haya yana majani membamba ya rangi ya jivu. Zhuzhuna alinunua sokoni Kutaisi. Kwa nini umenidanganya?"

Kijiko kilikuwa mkononi, maharage yanadondoka. Hapo Mama Pelagia akanyoosha mkono akaninyang'anya simu.

"Nimemtuma mimi!" akapaza sauti, kama kawaida yake kwenye simu, anafikiri Bari ni ng'ambo ya mto. "Ndiyo, mimi! Nimechoka kusikia bado, bado! Nikamwambia mtumie mwanangu yoyote yale, afurahi. Usimgombeze mumeo. Haya, mama, haya, mwanangu. Kula vizuri."

Akaiweka simu mezani. Akajifuta mdomo kwa leso. Mwanamke huyu hajanitetea hata siku moja katika miaka thelathini na mbili.

"Sasa niambie mimi," akasema. "Maua ya mwanangu yako wapi?"

Nikamweleza. Bomba, matoroli manane, korongo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo nalo halijawahi kutokea. Kisha akasema neno moja tu.

"Toka."

4 Machi
170 kwa 100. Hasemi nami. Akitaka chai anagonga sakafu kwa fimbo mara moja. Akitaka kuni zaidi, mara mbili.

5 Machi
170 kwa 105. Mara moja. Mara mbili. Mara moja.

6 Machi
160 kwa 95. Asubuhi nilikuwa namvalisha soksi, maana hawezi kuinama. Hushikilia bega langu na kuangalia ukutani mpaka nimalize. Leo hakuangalia ukutani.

"Ambrosi."

Nilishtuka. Mimi huitwa mkwe, au wewe, au huyo.

"Mwaka juzi sikutoka nje," akasema. "Magoti yalikuwa yamevimba. Niliamka siku moja nikampigia mwanangu nikamwambia yametoka, mazuri, kumi na mbili. Sikuwa nimeona hata moja. Na mwaka jana nilifika mlangoni tu. Nikamwambia kumi na tano."
"Lakini yalikuwepo, Mama."
"Yalikuwepo, lakini mimi sikuyaona. Alikuwa analia kwa furaha kule, nami nimekaa hapa na shali." Akanyoosha mguu wa pili. "Nilikuwa naogopa akijua kwamba siwezi kutoka, atarudi kwa ajili yangu, aache kazi, halafu anilaumu. Na nilikuwa naogopa asirudi kabisa. Hata sijui nilikuwa naogopa lipi zaidi. Vuta vizuri hiyo, kisigino kimekaa juu."

Nikaivuta.

"Wewe unataka arudi?" akaniuliza.
"Nataka."
"Umemwambia?"
"Nilimwambia uamuzi ni wake."
"Mjinga wewe," akasema, lakini kwa upole, na mkono wake ulibaki begani mwangu kidogo zaidi ya ilivyohitajika kwa soksi.

8 Machi
165 kwa 95. Nilipanda kwenye pampu nikampigia mimi. Kwa kawaida hunipigia yeye.

"Tsiuri, usikate simu mpaka nimalize."
Nikamwambia kila kitu. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo, nilisikia midomo imekauka. Nilipomaliza, nikasikia sauti ya vyombo kule kwake, kisha vyombo vikanyamaza.

"Lile bomba la jikoni nililolikuta Krismasi?"
"Hilo. Mama asitoke kwenye barafu."
"Hukuniambia lilipita chini ya mpea."
"Hukuuliza."
"Ambrosi!"
"Ndiyo. Sikukuambia."

Akavuta pumzi. "Ijumaa nimewajibu watoto wa Bibi Franka. Nimewaambia ndiyo, miaka mitatu. Unajua kwa nini? Nilipoona ile picha nilijisemea, huko kwetu hakuna anayeningoja. Hata maua wananiazimia kwa jirani."

Nilikuwa naangalia mshale wa pampu na siuoni.

"Ule udongo uliumwaga wapi hasa?" akauliza.
"Korongoni, nyuma ya lile banda la zamani la nguruwe."
"Nenda kaangalie."
"Tsiuri, ni miezi minne. Nimeumwaga kama takataka."
"Vitunguu vile havifi kirahisi. Mimi na Baba tulisahau vingine ndani ya ndoo mwaka mzima. Nenda."
Mtandao ukakatika. Nilikwenda, lakini mvua ya theluji ilikuwa inapiga usoni na ule mteremko ni miiba mitupu. Nikarudi na mikono imechanika. Mama Pelagia alinifunga kwa kitambaa, kisha akasema, "Kesho na panga."

9 Machi
Sijapima.

Nilishuka na panga asubuhi, baada ya kuwasha pampu. Nilikata miiba kuanzia juu, hatua kwa hatua, kwa kuwa sikukumbuka niliumwagia wapi. Theluji ilikuwa imebaki kivulini, ngumu kama chumvi ya mawe. Kwenye saa nne hivi nikaona kitu cheupe ambacho hakikuwa theluji, kwa sababu kilikuwa kinatikisika.

Lilikuwa moja. Nikapiga magoti. Lilikuwa limeota kutoka ubavuni mwa donge la udongo mweusi, likapinda chini, likapinda tena juu, shina limekaa kama ndoana ya kuvulia samaki. Majani mapana, ya kijani, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nikatoa theluji pembeni taratibu, na palikuwa na jingine. Na jingine. Mengine yalikuwa bado ncha tu, yanatoka yakiwa yameangalia kushoto, kulia, chini, kila moja linatafuta njia yake. Nilihesabu mpaka thelathini na saba nikaacha, maana machozi yalikuwa yananisumbua, na mimi si mtu wa machozi.

Nilipanda mbio mpaka jikoni. "Mama!"
Hata sikumaliza. "Nipeleke," akasema.
"Mama, ni korongo."
"Na mimi ni Pelagia. Nipeleke."

Tuna sleji ya kuvutia kuni kwenye theluji, ile ya mbao inayoteleza. Nikatandika mablanketi mawili na ngozi ya kondoo, nikamfunga kwa mshipi wa Valiko, nikamvuta mpaka ukingoni. Kutoka hapo nikamshusha korongoni kwa kumbeba mgongoni. Ni mwepesi, sikutegemea. Kwa maneno yake nilidhani angekuwa na uzito wa ng'ombe. Kila hatua ananielekeza sikioni, "Taratibu. Jiwe. Kulia. Kulia, mwanangu, kulia."

Ndivyo alivyosema, mwanangu. Nadhani hakujisikia.

Tulipofika nikachuchumaa ili aone. Akanyoosha mkono, akaligusa moja kwa kidole, likayumba.

"Yamepinda," akasema.
"Yamepinda, Mama."
"Lakini yametoka." Kisha: "Mpigie simu."
"Hapa hakuna mtandao."
"Basi twende kwenye pampu."

Nikamrudisha kwenye sleji nikaanza kuvuta mlimani. Zhuzhuna alituona kutoka uani kwake, akapiga kelele, "Jamani! Unampeleka wapi mama wa watu?"
"Sukuma, usiulize!" Mama Pelagia akamjibu. Zhuzhuna akaja na ndala zake za ndani, akasukuma kwa nyuma.

Nilipiga simu nikiwa mlangoni. Tsiuri akapokea.
"Nimeyaona," nikamwambia. "Thelathini na saba, na mengine sijahesabu. Hayajasimama vizuri. Moja limeota chini kwanza, likagundua limekosea, likageuka. Jingine limetoboa katikati ya jani bovu na limelivaa shingoni kama kola. Majani ni mapana. Picha sikupiga. Lakini nimeyaona, Tsiuri, na mama yako ameyaona, yuko hapa."
Alikuwa analia. Nikasema, "Rudi."
"Nini? Sikusikii, pampu."
"Rudi nyumbani."
"Sauti, Ambrosi! Pampu inanguruma!" Mama Pelagia akanifokea kutoka kwenye sleji.

Nikaingia ndani nikaizima pampu. Kijiji kizima kilikosa maji nusu saa, waje wanishtaki. Kukawa kimya kabisa, na mimi sikupunguza sauti, nikapiga kelele kama nilivyokuwa nimejiandaa: "Rudi nyumbani! Nataka urudi! Nilitaka tangu mwaka wa kwanza!"

Nje Zhuzhuna akasema, "Ee Mungu wangu."

"Nimeshawaahidi," Tsiuri akasema.
"Najua."
"Nitakuwa nimevunja ahadi yangu."
"Ndiyo."
"Unataka niivunje?"
"Nataka."

Akapenga kamasi. Akasema, "Miaka sita nakuuliza unasemaje." Na akakata. Sijui maana yake ni nini.

12 Machi
170 kwa 95. Kimya. Mama Pelagia ananiuliza kila saa kama simu ina chaji.

14 Machi
165 kwa 95. Amepiga. Amewaambia. Kijana mkubwa wa Bibi Franka amekasirika, amemwambia hana shukrani, kisha akarudi jioni kumwomba radhi. Wanatafuta mtu mwingine. Hawezi kuondoka kabla hajapatikana, na mimi nimemwambia asiondoke kabla hajapatikana.

18 Machi
155 kwa 90. Amepatikana mama mmoja wa huku kwetu, Zestaponi, mjane, mpole. Tsiuri atakaa naye wiki tatu amfundishe: Bibi Franka hanywi chai bila kipande cha limau, na ukimzimia taa unamwachia mlango wazi. Bibi amelia. Tsiuri amelia. Leo kutwa nimemfikiria huyo bibi ambaye sijawahi kumwona, anayemwita mke wangu Asunta. Miaka sita nilimwona kama ukuta kati yetu. Kumbe ni mzee tu anayeogopa giza.

22 Machi
145 kwa 90. Tumeyahamisha maua. Mama Pelagia anasema huhamishwa wakati majani bado mabichi, yakikauka huwezi kuyaona tena mpaka mwakani. Nilimkalisha kwenye kiti bustanini na blanketi. Nilileta udongo mweusi, matoroli manane, nikapanda upande wa kisima, mbali na bomba.
"Kushoto," akasema.
Nikaenda kushoto.
"Hapo hapo," akasema. Mara ya kwanza.

1 Aprili
145 kwa 85. Miplamu imechanua. Mvua.

6 Aprili
145 kwa 85. Mama Pelagia amenifanya nioshe madirisha yote. Valiko aliyaosha kwa gazeti na siki. Nimeosha kwa gazeti na siki.

10 Aprili
Ijumaa Kuu. Nilimpokea Tsiuri uwanja wa ndege wa Kutaisi saa nne asubuhi. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga njia nzima. Alitoka na masanduku mawili, amekonda, nywele amezikata. Nikachukua masanduku. Nilipofungua mdomo akaniwekea kidole, akasema, "Baadaye. Nimekusikia tangu Bari." Hatukuwa tumefika daraja la mto, alikuwa amelala begani kwangu, na niliendesha kwa mkono mmoja mpaka nyumbani.

Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akamwambia, "Mama, mwanangu, umechoka," na kumwamuru akajinyooshe kidogo kabla ya chakula. Akaingia chumbani. Hiyo ilikuwa saa saba. Sasa ni saa kumi na moja na bado amelala.

Mayai ya Pasaka yako jikoni, yamechemka na rangi, yamekuwa mekundu kama desturi ya leo. Hatukuyatoa mapema kwa kuogopa sufuria ingelia. Nimevua viatu. Zhuzhuna alikuja na mkate, Mama Pelagia akamfukuza kwa fimbo tu, bila sauti. Tumekaa mimi na yeye, kila mmoja upande wake wa meza, tunasikiliza.

"Hebu nenda kachungulie," ananinong'oneza.
Nilikwenda kwa ncha za vidole. Nikarudi.
"Je?"
"Anakoroma, Mama."
Akafunga macho, akatabasamu, akaniashiria nikae, nisivute kiti.